Bosko anajuaje saa ya kurudi kwangu, na je, atanikumbuka baada ya miaka 2?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi hapa Arusha, nina mbwa wa kienyeji anaitwa Bosko, ana miaka 4. Nilimwokota akiwa mdogo kabisa nikamlea kwa maziwa. Kila siku ya kazi nafika nyumbani kama saa kumi na mbili kasoro jioni, na mdogo wangu ninayeishi naye anasema Bosko huanza kusimama getini tangu saa kumi na moja na robo. Hata siku ambazo nimesafiri kwenda kwa mama Moshi, bado anasimama saa ileile, halafu giza likiingia anaondoka mwenyewe. Sasa nimepata mkataba wa miaka 2 Muscat, naondoka baada ya miezi miwili. Mama anasema mbwa hana kumbukumbu, wiki moja tu atakuwa amenisahau. Jirani anasema kinyume, kwamba mwaka mmoja wetu ni miaka 7 ya mbwa, kwa hiyo kwake nitakuwa nimeondoka miaka 14. Mjomba anataka tumpeleke shambani kwake Babati. Mdogo wangu anataka abaki naye, ila anasema niondoke usiku bila Bosko kuniona. Mdogo wangu ni mtu mwema, lakini ana tabia ya kumchapa jioni kwa makosa ya mchana, anadai Bosko anajua kosa lake kwa sababu hujikunyata. Je, mbwa anajua muda? Atanikumbuka? Nifanye nini asiteseke?"

Marahaba dada yangu, na hongera kwa mkataba. Umeuliza mambo ambayo watu wengi huyafunga pamoja kama jambo moja, ndiyo maana mama na jirani wanakupa majibu yanayogongana. Kujua ni saa ngapi ni jambo moja. Kuhisi urefu wa muda unaopita ni jambo la pili. Kumkumbuka mtu aliyeondoka zamani ni la tatu, na ubongo wa mbwa hauyashughulikii kwa njia moja.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa yote tunayoyajua kuhusu mbwa, Bosko hatakusahau ndani ya miaka 2, wala hatakaa akihesabu siku tangu ulipoondoka. Kitakachomtesa hasa ni kuvunjika kwa ratiba ya maisha yake, na hilo mnaweza kulizuia kwa sehemu kubwa mkianza sasa.

Twende getini kwanza. Mwili wa mbwa, kama wako, una saa yake. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna fungu dogo la seli linalopokea habari za mwanga na kuuongoza mwili mzima: lini joto la mwili lipande, lini tumbo lianze kudai, lini homoni ya usiku iitwayo melatonini iongezeke. Saa hiyo hurekebishwa kila siku na jua. Huku kwetu karibu na ikweta jua halibadiliki sana, linachomoza na kuzama karibu wakati uleule Januari hadi Desemba. Kwa hiyo Bosko ana kipimo cha nje kisichoyumba, tofauti na mbwa wa Sweden ambaye saa kumi na moja jioni ya Desemba ni giza totoro na ya Juni ni mchana mweupe.

Mwili pia unaweza kupima vipindi vifupi bila msaada wa jua. Katika maabara ya Ivan Pavlov kule St. Petersburg, yule mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake kuhusu mmeng'enyo wa chakula, mbwa walipewa chakula kila baada ya dakika 30 bila kengele wala ishara yoyote. Jambo hilo liliporudiwa vya kutosha, mate yao yakawa yanaanza kutoka dakika ya 30 ilipokaribia, hata pale chakula kilipozuiwa. Hakuna aliyewaambia muda umefika. Ni miili yao iliyokuwa imejifunza urefu wa kipindi kile.

Halafu kuna saa ya mtaa, na kwa mbwa anayeshinda uani hii ndiyo yenye nguvu zaidi. Adhana ya alasiri inasikika. Wanafunzi wanapita wakipiga kelele. Kivuli cha ukuta kinafika kwenye ndoo. Jirani anawasha jiko la mkaa. Mdogo wako anakoroga dona na dagaa. Kwa mbwa, matukio haya yanafuatana kwa mpangilio uleule siku baada ya siku, na mwisho wa mpangilio ni wewe kufungua geti. Hahitaji kujua kwamba ni saa kumi na moja na robo. Inatosha kwamba wanafunzi wamekwisha pita na moshi wa mkaa umeanza.

Ulichoandika kuhusu safari za Moshi kina thamani kuliko unavyodhani. Wapo watu wanaoamini kwamba mbwa huhisi kwa moyo pale mwenye nyumba anapoanza safari ya kurudi. Bosko angekuwa na uwezo huo, asingesimama getini jioni ambayo wewe unakula kwa mama yako. Anasimama kwa sababu muda wake wa kusimama umefika. Sisemi hivyo ili kumpunguzia mapenzi. Nasema ili ujue kwamba anachokisoma ni ratiba, na ratiba inaweza kupangwa upya kwa upole.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu muda ambalo sisi binadamu hatulioni kwa urahisi, nalo ni pua. Mbwa ana mamia ya mamilioni ya seli za kunusa, wakati sisi tuna milioni chache tu. Harufu nayo huchakaa: mguso wa asubuhi ni hafifu kufikia jioni. Watafiti wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, walionyesha kwamba mbwa aliyefunzwa kufuata nyayo anaweza kujua mtu alielekea upande gani kwa kunusa hatua 5 tu. Fikiria maana yake. Kati ya hatua ya kwanza na ya tano zimepita sekunde chache, na pua inaitambua tofauti ya umri wa harufu hizo mbili. Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa huko New York, amependekeza kwamba huenda mbwa wa nyumbani hutumia uwezo huohuo kusubiri watu wao: harufu yako ndani ya nyumba inapungua tangu unapotoka asubuhi, na mbwa anajifunza kwamba ikishuka hadi kiwango fulani, unarudi. Hiyo bado ni dhana, haijathibitishwa, na mimi naiona ya kuvutia kuliko ninavyoweza kuiapia. Lakini uwezo wenyewe wa kunusa tofauti ya muda ni wa kweli.

Sasa, je, anahisi urefu wa kutokuwepo kwako? Kwa saa chache, ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Sweden walichapisha utafiti uliotumia mbwa 12 walioachwa peke yao nyumbani kwa nusu saa, saa 2 na saa 4. Mwenye mbwa aliporudi baada ya saa 2, mbwa alimpokea kwa nguvu zaidi, kwa mkia na kwa mwili, kuliko aliporudi baada ya nusu saa. Kati ya saa 2 na saa 4 tofauti haikuonekana. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu: huenda mbwa walitambua tofauti lakini hawakuionyesha. Hata hivyo inatupa picha kwamba hisia ya mbwa kuhusu muda haipandi moja kwa moja kama kalenda, saa kwa saa, mwezi kwa mwezi. Sijaona utafiti hata mmoja unaoonyesha mbwa akitofautisha miezi 20 na miezi 24.

Hapo ndipo hesabu ya jirani yako inapoanguka. Ile 7 kwa 1 ni njia ya kukadiria uzee wa mwili, tena njia mbovu, kwa sababu mbwa wa mwaka mmoja tayari anaweza kuzaa na mtoto wa miaka 7 bado yuko darasa la kwanza. Haisemi lolote kuhusu siku inavyohisiwa. Ni kweli macho ya mbwa hunasa mwanga unaowaka na kuzima kwa kasi zaidi kuliko yetu, na ndiyo maana runinga za zamani pengine ziliwaonekea kama zinapepesa. Hilo linamsaidia kudaka nzi hewani. Halifanyi miaka 2 kuwa 14.

Na mama? Mama hajabuni, ameona kitu cha kweli akakitafsiri vibaya. Mbwa ana kumbukumbu ya muda mfupi ambayo kweli hupotea haraka. Watafiti wa Canada walificha kitu nyuma ya sanduku mbele ya mbwa, wakamzuia asione kwa muda, kisha wakamwachia atafute. Kadiri muda ulivyoongezeka ndivyo alivyokosea zaidi, ingawa hata baada ya dakika 4 bado alifanya vizuri kuliko wa kubahatisha. Mtu akiona mbwa amesahau mfupa aliofukia asubuhi, anasema huyu hana kumbukumbu. Lakini kusahau kilipo kitu kimoja ni tofauti na kumsahau aliyekulea.

Mwaka 2016 timu ya chuo kikuu kimoja cha Budapest, Hungary, ikiongozwa na Claudia Fugazza, ilifanya jaribio ambalo binafsi nalipenda sana. Mbwa 17 walikuwa wamefunzwa kuiga kitendo cha mwenye mbwa wakiambiwa "fanya". Kisha wakafunzwa upya kwamba baada ya kutazama kitendo, kazi yao ni kulala chini tu, basi. Walipozoea hivyo, siku moja wakaambiwa ghafla "fanya", ingawa hawakuwa na sababu yoyote ya kuweka kitendo kile akilini. Baada ya dakika 1, mbwa 10 kati ya 17 waliiga sawasawa. Baada ya saa 1, walikuwa 6. Wanasayansi huita hii kumbukumbu inayofanana na ya matukio, yaani kukumbuka jambo lililopita mbele yako bila kujua litahitajika. Inafifia haraka, kama unavyoona. Kwa hiyo sidhani kwamba Bosko, usiku wa Julai mwakani, atajilaza akikumbuka ile siku mvua iliwanyeshea njiani. Hakuna anayeweza kukuthibitishia kwamba anafanya hivyo.

Anachokihifadhi kwa miaka ni kitu kingine: wewe ni nani, unanukaje, unasikikaje, na kukaribia kwako kunamaanisha nini. Hii ni kumbukumbu ya kuhusisha, iliyojengwa kwa marudio maelfu na kuunganishwa na hisia. Njia ya harufu kwenye ubongo ni fupi, inafika mapema kwenye sehemu zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Gregory Berns wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, aliwafunza mbwa kulala kimya ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya ubongo, bila dawa ya usingizi, kisha akawanusisha harufu mbalimbali. Sehemu ya ubongo inayohusiana na kutarajia jambo zuri iliitikia zaidi kwa harufu ya binadamu waliyemzoea kuliko kwa harufu ya mtu mgeni, na hata kuliko ya mbwa wenzao, na mtu huyo hakuwepo hata chumbani.

Muda gani kumbukumbu hiyo inakaa? Peter Hepper wa Belfast alionyesha mwaka 1994 kwamba mbwa waliotenganishwa na mama zao wakiwa wadogo waliitambua harufu ya mama baada ya takriban miaka 2, na mama waliitambua ya watoto wao. Utafiti mwingine wa Budapest, uliochapishwa mwaka 2024, ulitumia mbwa wachache wenye kipaji adimu cha kujifunza majina ya vinyago. Walifundishwa majina 12 ndani ya wiki moja, vinyago vikafungiwa, na baada ya miaka 2 baadhi yao bado waliweza kuchagua kinyago sahihi kwa jina. Hiyo ni wiki moja ya mafunzo. Wewe una miaka 4 ya kumlea.

Charles Darwin naye alimjaribu mbwa wake mwaka 1836, aliporudi Uingereza kutoka safari ya meli ya kuzunguka dunia. Alikuwa ameondoka miaka 5 na siku 2, na mbwa huyo alikuwa mkali kwa kila mgeni. Darwin alikwenda karibu na zizi alimokaa, akamwita kama alivyozoea kumwita zamani. Mbwa hakuruka wala hakuonyesha furaha, ila mara moja alimfuata matembezini na kumtii kana kwamba waliachana nusu saa iliyopita. Naomba uiweke akilini habari hii, hasa ile sehemu ya kutoonyesha furaha. Tutaihitaji siku ya kurudi kwako.

Najua mtu atakuletea habari za Hachiko, mbwa wa Japani aliyemsubiri Profesa Ueno kwenye stesheni ya Shibuya, Tokyo. Profesa alifariki kazini Mei 1925, na Hachiko aliendelea kwenda stesheni hadi alipokufa Machi 1935, karibu miaka 10. Watu humlilia, na mimi siwalaumu. Lakini angalia alichokuwa anafanya: alifika stesheni jioni, saa ya treni, kama Bosko getini. Alikuwa na ratiba aliyoijenga na mtu aliyempenda, na baadaye watu wa stesheni walimpa chakula palepale, jambo lililoipa ratiba hiyo nguvu zaidi. Mazoea na mapenzi kwa mbwa havitengani kirahisi. Mimi sioni kwamba kuyataja mazoea kunayapunguza mapenzi.

Basi tufanye nini. Kuhusu Babati, ushauri wangu ni Bosko abaki Arusha. Kumwondolea wewe ni pigo moja. Kumwondolea kwa wakati mmoja nyumba, uani, sauti za mtaa, mdogo wako na harufu zote anazozijua ni mapigo mengi siku moja. Mbwa mzima aliyehamishwa hivyo mara nyingi hutoroka kurudi alikotoka, na barabara ya Babati si ya mbwa. Shamba la mjomba lingekuwa na maana kama mdogo wako hayuko tayari kabisa kumtunza. Katika hali hiyo mpeleke mapema wewe mwenyewe, kaa naye siku kadhaa, asiachiwe nje ya uzio kwa wiki za mwanzo. Kumchukua kwenda Muscat, kama uliwahi kulifikiria, sikushauri: nyumba za wafanyakazi, zamu ndefu za hospitali, na kiangazi cha kupita nyuzi 40. Angekuwa na wewe, lakini angeshinda amefungiwa peke yake.

Una miezi miwili, na hiyo ni zawadi. Kuanzia wiki hii mdogo wako ndiye awe anamlisha, saa ileile, chombo kilekile, hata wewe ukiwepo. Yeye ndiye amfungue jioni, yeye ndiye ampitishe mtaani. Wewe baki na ya kwako ya kumbembeleza. Kisha anza kutokuwepo kidogo kidogo: usiku mmoja kwa rafiki, wikiendi Moshi, siku nne. Saa ya kusimama getini msiikatae wala msimfukuze, ila saa kumi na moja na robo mdogo wako amtoe kwa matembezi au ampe kitu cha kutafuna. Mpangilio ule wa adhana, wanafunzi na moshi wa mkaa utapata mwisho mwingine wenye faida. Hatasahau mwisho wa zamani, lakini hatabaki na mikono mitupu kila jioni.

Kuondoka usiku kwa kunyatia hakumwokoi kitu. Mbwa hajui kwamba ulimficha. Atakachojua ni kwamba asubuhi haukuwepo. Na hakuna haja ya kuaga kwa kilio, maana machozi na kumkumbatia kwa nguvu vitamtia wasiwasi asiojua sababu yake. Utafiti mdogo wa Italia uliona mbwa wakikaa watulivu zaidi kwa muda walipopapaswa kwa upole kabla ya kuachwa. Mpapase, mwambie neno unalomwambia kila asubuhi, chukua begi, toka. Wewe ulie kwenye gari.

Mwachie nguo zako ambazo hazijafuliwa, kanga au fulana uliyolalia. Zitie kila moja kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mdogo wako awe anatoa moja baada ya miezi kadhaa na kuiweka kwenye kibanda. Sikuahidi kwamba itamfanya asikukumbuke kwa huzuni. Ninachojua ni kwamba harufu yako kwake ni jambo jema, na gharama yake ni fulana tatu. Simu ya video jaribuni mara moja mbili. Mbwa wanaitambua sauti ya mtu wao, lakini sauti isiyo na harufu wala mwili inaweza kumfanya azunguke nyumba akikutafuta. Akifanya hivyo, acheni. Piga kwa ajili ya mdogo wako, si kwa ajili ya Bosko.

Sasa kuhusu kuchapwa, na hapa naomba mdogo wako asome mwenyewe. Kaka, kule kujikunyata hakumaanishi kukiri kosa. Mwaka 2009 Horowitz aliwachunguza mbwa 14 na wenye mbwa wao. Mwenye mbwa alitoka chumbani, akarudi na kuambiwa mbwa amekula kilichokatazwa, wakati mwingine kweli, wakati mwingine uongo. Sura ile ya "najua kosa langu" ilitegemea kama mbwa alikemewa, haikutegemea kama alikula. Tena wale wasio na hatia waliokemewa ndio walioionyesha zaidi. Fimbo ya jioni haiwezi kufungamana na shimo la asubuhi, kwa sababu mbwa huunganisha tendo na matokeo yanayofuata papo hapo. Anachokiunganisha Bosko ni kufika kwako na maumivu. Sasa hivi ana dada yako wa kumkimbilia. Baada ya miezi miwili atakuwa na wewe peke yako, na mbwa anayemwogopa mtu wake wa pekee hali chakula vizuri, hulala vibaya, na mwishowe huuma. Ukimkuta anachimba, mkatize palepale na umpe kazi nyingine. Ukikuta shimo, lifukie.

Wiki za mwanzo, dada, tegemeeni kwamba atakula kidogo, atanusa mlango wa chumba chako, huenda atalia jioni. Kwa mbwa wengi hali hutulia. Lakini kuna kosa ninalolikuta mara kwa mara kliniki: watu wanasema mbwa ana huzuni, kumbe ana kupe. Ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa huleta homa, kulegea, kukonda, fizi nyeupe, pengine damu puani. Ugonjwa unaoenezwa na mbung'o nao huleta homa na uchovu, na mara nyingi macho kuwa na utando wa mawingu. Vyote viwili vinafanana na majonzi kwa macho ya mtu, na vyote viwili vinaua. Akipitisha siku mbili bila kula, au hata siku moja akiwa amelegea, mpelekeni kwa daktari wa mifugo, msimwachie muda amalize msiba wake. Vilevile kama anajiumiza kwa kuguguna mnyororo au geti, au analia mfululizo kila anapoachwa peke yake, hiyo ni hofu ya kutengwa na inatibika, hasa ikishughulikiwa mapema. Dalili zake kwa kawaida huanza ndani ya nusu saa ya kwanza ya kuachwa, kwa hiyo simu iliyoachwa ikirekodi video itamwonyesha daktari mengi.

Na kwa nchi zetu lazima niseme hili. Mbwa ambaye ghafla hamtambui mtu wake, amekuwa mkali au mpole kupita kiasi, sauti imebadilika, udenda unamtoka na hawezi kumeza, usiseme amesahau na usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungieni bila kumgusa na mwiteni daktari au afisa mifugo, kwa sababu inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na afike hospitali siku hiyohiyo. Wewe ni muuguzi, unayajua haya, ila mdogo wako ayajue pia. Chanjo ya Bosko ifanyike kabla hujaondoka, na cheti kibaki nyumbani.

Bosko atakuwa na miaka 6 ukirudi, bado kijana. Wenye mbwa wazee wanaosoma hapa, kwenu habari ni tofauti kidogo. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta dalili za kuchakaa kwa akili kwa asilimia 28 ya mbwa wa miaka 11 hadi 12, na asilimia 68 ya wale wa miaka 15 hadi 16. Mbwa huyo huchanganya usiku na mchana, husimama upande usiofunguka wa mlango, hukojoa ndani. Mleteni achunguzwe, kwa sababu maumivu ya viungo, figo na upofu huiga dalili hizohizo.

Siku ukirudi, dada, hutakuwa unanuka kama ulivyoondoka. Sabuni nyingine, chakula kingine, ndege, watu. Usimkimbilie. Simama pembeni upande unakotoka upepo ili harufu yako imfikie, mwite kwa sauti na jina ulilozoea, mwache aje anuse viganja na viatu. Anaweza kukuangusha chini kwa furaha. Anaweza pia kubweka kwanza, kisha akanyamaza, akakufuata ndani na kulala mlangoni pako bila sherehe, kama mbwa wa Darwin. Yote mawili ni kukutambua. Mdogo wako aendelee kumlisha kwa wiki kadhaa, usimpokonye Bosko mtu aliyemzoea kwa miaka 2 eti kwa sababu umerudi. Na ukianza tena kwenda kazini, anza kwa kutoka nusu saa, kisha saa moja, kisha nusu siku. Mbwa aliyempata mtu wake baada ya muda mrefu mara nyingi huanza kuogopa kila anapomwona akichukua begi, na hofu hiyo ni rahisi kuizuia wiki ya kwanza kuliko mwezi wa tatu.